Kuomba Shahada za Juu za Saikolojia: Safari Inayopangwa Kuanzia Mwisho

Utangulizi

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila wanane duniani, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Wasiwasi uliopita kiasi na sonona ndiyo matatizo yaliyoongoza. Nyuma ya takwimu hiyo kuna swali ambalo hospitali za Afrika Mashariki hukutana nalo kila siku: mgonjwa akishapimwa na kuelezwa kwamba anahitaji mazungumzo ya kitaalamu ya wiki kadhaa na si vidonge peke yake, ni nani atakayekaa naye? Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache, na wanasaikolojia tiba nao ni wachache. Kila mhitimu anayetaka kuendelea na masomo ya juu ya saikolojia ni habari njema kwa jamii nzima.

Hata hivyo, wapo wanaotumia miaka yao, na mara nyingi fedha za ukoo mzima, kupata shahada isiyowaruhusu kufanya kazi waliyoikusudia. Hilo halitokani na uvivu wala uchache wa akili. Hutokana na kuanza maombi kwa swali lisilostahili kutangulia. Mwombaji huuliza, “Chuo gani kitanipokea?” kabla hajauliza, “Nikimaliza, nitaruhusiwa kumhudumia nani, wapi, na kwa idhini ya nani?” Makala haya yanaeleza namna ya kupanga maombi kuanzia swali hilo la pili, kisha yanaonyesha jinsi jibu lake linavyoongoza kila karatasi inayoingia katika faili la mwombaji.

Kuyatenganisha majina

Saikolojia ni taaluma inayochunguza nafsi na mwenendo wa mwanadamu kwa njia za kisayansi. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha maabara ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, na tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa saikolojia kama sayansi inayojitegemea. Mwaka 1896 Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mtu wa kwanza kuhudumiwa hapo alikuwa mvulana aliyeletwa na mwalimu wake kwa sababu alishindwa tahajia. Tangu hapo taaluma hii imekuwa na mikono miwili: mmoja unatafiti, mwingine unahudumia. Mwombaji anapaswa kujua mkono upi anaukusudia, au kama anaitaka yote miwili.

Saikayatria ni jambo jingine. Hiyo ni fani ya udaktari. Anayeisomea huanza kwa shahada ya udaktari wa binadamu, kisha husoma shahada ya uzamili ya magonjwa ya akili, ambayo katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili huchukua miaka mitatu. Daktari bingwa huyo huandika dawa, hulaza wagonjwa na huchunguza maradhi ya mwili yanayoweza kujificha nyuma ya dalili za akili. Mwanasaikolojia tiba kwa kawaida haandiki dawa. Yeye hupima uwezo wa akili na hali ya nafsi kwa vipimo maalumu, na hutoa tiba ya mazungumzo iliyofanyiwa utafiti. Wawili hawa hutegemeana, wala mmoja si msaidizi wa mwingine.

Ndani ya saikolojia yenyewe kuna matawi mengi. Ipo saikolojia tiba, saikolojia ya ushauri nasaha, saikolojia ya elimu, saikolojia ya kazi na asasi, saikolojia jamii na nyinginezo. Majina hufanana katika masikio ya watu, lakini malango yake ni tofauti. Mwenye shahada ya uzamili katika saikolojia jamii anaweza kuwa mtafiti hodari wa mwenendo wa vijana na bado asiwe na sifa ya kumtibu kijana mmoja mwenye kiwewe. Kwa hiyo jina la shahada lisomwe kwa makini kama yanavyosomwa maandishi ya kibandiko cha dawa.

Kuanza na idhini ya kazi

Kila nchi ina utaratibu wake wa kumtambua mwanasaikolojia. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusimamia taaluma hiyo, na inamtaka anayetoa huduma hizo awe amesajiliwa. Nchini Tanzania, shahada iliyopatikana nje ya nchi huhitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwombaji anayekusudia kurudi kufanya kazi nyumbani anapaswa kuiuliza mamlaka husika kuhusu chuo na programu anayoifikiria kabla ya kulipa ada ya kwanza. Jibu lililoandikwa na kuhifadhiwa litamfaa zaidi kuliko uhakika wa maneno wa wakala anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayempeleka ng’ambo.

Uingereza inatoa mfano mzuri wa mtego wa majina. Huko, jina la kazi “mwanasaikolojia tiba” linalindwa kisheria, na anayelitumia lazima awe katika rejista ya baraza la taaluma za afya, HCPC, ambalo limewasajili wanasaikolojia watendaji tangu mwaka 2009. Njia ya kawaida ya kuingia katika rejista hiyo kwa waliosomea Uingereza ni shahada ya udaktari wa saikolojia tiba ya miaka mitatu, inayochanganya darasa, utafiti na kazi katika huduma ya afya ya taifa. Wakati huohuo, vyuo vingi vya Uingereza hutoa shahada za uzamili za mwaka mmoja zenye maneno “saikolojia tiba” au “afya ya akili” katika majina yake. Shahada hizo zinaweza kuwa nzuri sana kwa kujenga maarifa na utafiti, lakini kwa zenyewe hazimpi mhitimu haki ya kujiita mwanasaikolojia tiba nchini humo. Anayeuza shamba ili asome mwaka huo mmoja anapaswa kulijua jambo hili kabla shamba halijauzwa.

Afrika Kusini ina ngazi nyingine. Baada ya shahada ya kwanza, mwanafunzi husoma mwaka wa shahada iitwayo Honours, ndipo aombe uzamili wa saikolojia tiba. Uzamili huo huambatana na mwaka wa utarajali, na baadaye mwaka wa utumishi kwa jamii, chini ya usimamizi wa baraza la taaluma za afya, HPCSA. Nafasi katika kila chuo ni chache sana. Mhitimu wa Afrika Mashariki aliyesoma shahada ya miaka mitatu asipotambua kuwepo kwa ngazi ya Honours, maombi yake yanaweza kukataliwa hata kama alama zake ni za juu, kwa sababu tu ameruka kipandio kimoja.

Nchini Marekani, majimbo mengi humtaka mwanasaikolojia anayejitegemea awe na shahada ya uzamivu. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni PhD, ambayo mwelekeo wake uliwekwa katika mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949: mwanasaikolojia awe mwanasayansi na mtendaji kwa pamoja. Ya pili ni PsyD, iliyopata nguvu baada ya mkutano wa Vail mwaka 1973, nayo huegemea zaidi utendaji. Njia zote mbili huhitimishwa na mwaka wa utarajali. Tofauti yake kubwa kwa mwombaji mwenye kipato kidogo ni fedha: programu nyingi za PhD humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kazi ya kufundisha au kutafiti, ilhali wanafunzi wengi wa PsyD hujilipia. Mwombaji yeyote ahakikishe kwamba programu imeidhinishwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kwa kuwa bila idhini hiyo milango ya utarajali na leseni huwa myembamba.

Nyumbani au ng’ambo

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Katika Afrika Mashariki zipo programu za uzamili wa saikolojia tiba zilizojengwa ndani ya shule za tiba au kando yake. Muhimbili inayo, Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo, na Makerere inayo. Faida yake si unafuu wa gharama tu. Tiba ya mazungumzo hufanywa kwa lugha, na lugha ya mgonjwa ndiyo chombo cha kazi kama kisu kilivyo kwa daktari wa upasuaji. Mwanafunzi anayefunzwa katika wodi ambamo wagonjwa husema Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu au Kiganda hujifunza mapema kwamba watu wengi hawaji kliniki wakisema wana sonona. Husema wana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umekosa nguvu. Anayejifunza saikolojia mbali na maneno hayo atalazimika kujifunza upya atakaporejea.

Masomo ya ng’ambo nayo yana nafasi yake, hasa pale mwombaji anapotaka fani isiyofundishwa nyumbani, kama vile upimaji wa kina wa athari za majeraha ya ubongo, au anapotaka kufanya utafiti chini ya msimamizi maalumu. Kinachotakiwa ni sababu inayoweza kuandikwa katika sentensi moja. Sababu ikiwa ni kusafiri tu, kamati ya udahili itaitambua, na miaka migumu ya masomo itaitambua zaidi.

Swali linalozaliwa nyumbani

Programu zenye utafiti, na hasa PhD ya Marekani, hazimchagui mwanafunzi kwa alama peke yake. Mara nyingi mwanafunzi huchaguliwa na profesa atakayemsimamia, kwa kuwa swali lake linakaribiana na kazi za profesa huyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika maombi, mwombaji asome machapisho ya wasimamizi watatu au wanne, kisha amwandikie kila mmoja barua pepe fupi: yeye ni nani, swali lake ni lipi, linahusianaje na kazi fulani aliyoisoma, na kama profesa anapokea mwanafunzi mwaka huo. Barua moja inayotumwa kwa maprofesa arobaini kwa kubadili majina tu hutambulika mara moja na huachwa bila jibu.

Waombaji wa Afrika Mashariki mara nyingi hudhani kwamba swali la utafiti lenye hadhi lazima litoke katika vitabu vya mbali. Historia ya karibuni inaonyesha vinginevyo. Mjini Harare, mwaka 2006, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi iliyokuja kujulikana kama Benchi la Urafiki. Akina bibi waliofunzwa tiba ya kutatua matatizo walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi katika viwanja vya kliniki. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, badala ya kumlazimisha mgonjwa alitambue jina la kigeni la ugonjwa. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la JAMA ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Neno la mtaani likawa msingi wa sayansi iliyosomwa dunia nzima. Mwombaji anayejua jinsi watu wa kwao wanavyoyataja maumivu ya nafsi tayari ana mtaji ambao wengi hawana.

Tamko la dhamira

Katika faili la maombi, karatasi inayowaangusha wengi ni tamko la dhamira, yaani maelezo ya mwombaji kuhusu sababu za kuomba. Mwaka 2006 watafiti Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha matokeo ya kuwauliza wenyeviti wa kamati za udahili wa shahada za juu za saikolojia nchini Marekani ni mambo gani yaliyowahi kuyaharibu maombi ya watu waliokuwa na sifa. Majibu yaliangukia katika mafungu matano: matamko yenye madhara, barua za mapendekezo zenye madhara, kutoijua programu inayoombwa, uandishi mbovu, na jitihada za kujikweza zilizokwenda upande.

Kosa la kwanza katika matamko ni ujumla. Sentensi kama hii huonekana katika mafaili mengi: “Tangu utotoni napenda kuwasaidia watu, na rafiki zangu wote huniletea shida zao.” Hakuna ubaya wa moyo ndani yake, lakini haimtofautishi mwombaji na yeyote. Kulinganisha, mwombaji mwingine wa kubuni anaweza kuandika hivi: “Kwa miezi minane nilijitolea katika kliniki ya akina mama waliojifungua. Nilipewa kazi ya kuwasomea dodoso la dalili za sonona wale wasiojua kusoma. Wengi walikana kuwa na huzuni, lakini walikiri mara moja kuwa na mawazo mengi na kukosa usingizi hata mtoto anapolala. Ninataka kujifunza namna ya kutunga na kuhakiki vipimo vinavyosikika vizuri katika Kiswahili.” Aya hiyo haina sifa hata moja ya kujisifu, lakini inaonyesha kazi, uangalifu, swali na mwelekeo.

Kosa la pili linahitaji upole kulieleza. Watu wengi huvutwa na saikolojia kwa sababu wao au wapendwa wao wameugua. Hilo si aibu, na wahudumu wengi wema walianzia hapo. Lakini wenyeviti waliohojiwa na akina Appleby walitaja kujianika kupita kiasi, hasa simulizi ndefu za ugonjwa wa akili wa mwombaji mwenyewe, kuwa miongoni mwa yaliyoharibu maombi. Unyanyapaa unaweza kuwa na sehemu yake katika hukumu hizo. Ipo pia sababu ya kitaaluma: kamati hutaka kujua kama mwombaji anaweza kutambua mpaka kati ya maumivu yake na ya mgonjwa. Njia ya busara ni kutaja kwa sentensi moja au mbili, kama ni lazima, kisha kuelekeza maelezo kwenye alichojifunza na alichofanya. Jeraha ambalo bado linavuja damu litafutiwe tiba kwanza. Faili la udahili si mahali pa tiba, na mwombaji anastahili kusikilizwa mahali penye usiri.

Barua za mapendekezo

Vyuo vingi huomba barua mbili au tatu. Hapa desturi mbili za nyumbani huwaponza waombaji. Ya kwanza ni kutafuta mtu mkubwa: mbunge, mkurugenzi, askofu au sheikh anayeifahamu familia. Barua yake huwa na cheo kikubwa na habari chache. Mhadhiri kijana aliyesimamia tasnifu ya mwombaji, aliyeona jinsi alivyorekebisha takwimu zake baada ya kukosolewa, ataandika barua yenye uzito zaidi.

Desturi ya pili ni ya mwalimu mwenye shughuli nyingi anayemwambia mwanafunzi aandike barua mwenyewe ili aitie sahihi tu. Licha ya kutokuwa uaminifu, barua za namna hiyo hufanana mtindo na tamko la dhamira, na msomaji mzoefu huona mkono mmoja katika karatasi zote. Mwombaji anaweza kumrahisishia mwalimu kazi kwa njia halali: ampe, wiki sita au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho, wasifu wake, nakala ya matokeo, rasimu ya tamko, orodha ya programu na tarehe zake, pamoja na ukurasa mmoja unaomkumbusha kazi walizofanya pamoja. Na amuulize wazi: “Je, mwalimu, utaweza kuniandikia barua yenye nguvu?” Mwalimu akisita, ni heri kusita huko kujulikane mapema.

Uzoefu na usaili

Uzoefu hauhitaji kuwa wa kifahari. Hospitali za afya ya akili kama Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala zinajulikana, lakini kliniki za VVU, wodi za watoto wenye utapiamlo, shule za watoto wenye mahitaji maalumu na miradi ya utafiti wa vyuo nazo ni madarasa. Linalotazamwa ni kama mwombaji alifanya kazi chini ya usimamizi, akaheshimu siri za watu na akajua kikomo chake. Mtu anayejigamba kwamba amekwisha “kutibu” watu kadhaa wenye sonona kabla ya kupata mafunzo hatishi kamati kwa umahiri wake. Anaitisha kwa usalama wa watu hao.

Katika usaili mwombaji anaweza kupewa tukio la kujadili. Kwa mfano, mteja anasema amepanga kujiua na anaomba asiambiwe mtu yeyote. Anayejibu kwamba siri ni siri ameshindwa, na anayejibu kwamba angemripoti mara moja bila kumwambia mteja neno naye hajafaulu. Jibu linalotarajiwa huonyesha kwamba mhudumu angemuuliza mteja waziwazi kuhusu mpango wake na vifaa alivyonavyo, asingemwacha peke yake, angemweleza kwa heshima kwamba usiri una mpaka pale uhai unapokuwa hatarini, na angemhusisha msimamizi wake na huduma ya dharura bila kuchelewa. Hakuna anayemtaka mwombaji ajue yote. Anatakiwa ajue kwamba hayuko peke yake katika uamuzi wa namna hiyo.

Kalenda na gharama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe kunataka muda. Kwa maombi ya nje ya nchi, miezi kumi na minane kabla ya kuanza masomo si mapema mno. Programu nyingi za PhD nchini Marekani hufunga maombi mwezi Desemba, na kwa nafasi zenye ufadhili tarehe 15 Aprili ndiyo inayojulikana kuwa siku ya mwisho ya mwanafunzi kutoa jibu. Udaktari wa saikolojia tiba wa Uingereza huombwa kupitia ofisi ya pamoja iliyoko Leeds, na dirisha lake hufungwa mwezi Novemba. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hutumika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo mtihani usifanywe mapema kupita kiasi. Mtihani wa GRE umeachwa na programu nyingi, lakini si zote. Mwombaji asome masharti ya kila moja kabla ya kuulipia.

Kwa upande wa ufadhili, masharti yasomwe sambamba na lengo la mwisho. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humtaka arejee nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kwa mtafiti wa afya ya akili au mpanga sera, hiyo ni fursa kubwa. Kwa anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba mwenye idhini ya kutibu, mwaka huo peke yake hautamfikisha, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Ufadhili ni mzuri unapolipia njia ambayo mtu alikwisha kuichagua.

Mwisho, orodha ya maombi iwe fupi na iliyochanganywa: programu moja au mbili za ndoto, mbili au tatu ambazo sifa za mwombaji zinalingana na za waliodahiliwa, na angalau moja ya nyumbani. Kila ombi lina ada na gharama ya kutuma matokeo. Maombi matano yaliyoandikwa kwa kuijua kila programu yana nafasi bora kuliko kumi na tano yaliyonakiliwa.

Hitimisho

Mwombaji aliyepanga kuanzia mwisho anaweza kujibu maswali manne bila kusita: nitamhudumia nani, sheria ya nchi gani itaniruhusu, shahada ipi inanifikisha huko, na nimefanya nini hadi leo kinachoonyesha kwamba nafaa kufunzwa. Mwenye majibu hayo hata akikataliwa mwaka wa kwanza, kama wanavyokataliwa wengi wenye sifa, anajua pa kuongeza nguvu: mwaka mwingine katika mradi wa utafiti, barua bora zaidi, au kipandio alichokiruka.

Mahakama ya mwisho ya maombi haya haiko katika chumba cha kamati ya udahili. Iko katika chumba cha kliniki, miaka kadhaa baadaye, pale mtu aliyefika kwa nauli ya kukopa atakapokaa kitini, akainamisha kichwa na kusema ana mawazo mengi. Mtu huyo hatauliza jina la chuo. Atakachohitaji ni mhudumu aliyefunzwa kwa kweli, aliyeidhinishwa, na anayeielewa lugha anayolilia.